Kabla ya Kuweka Programu ya Muziki kwenye Kompyuta ya Kwaya

Kuna flashi ambayo nadhani kila mseminari anayependa muziki amewahi kuiona. Haina mwenyewe. Huzunguka kutoka bweni moja kwenda jingine, wakati wa likizo huenda parokiani, kisha hurudi na virusi vipya. Ndani yake mna FL Studio yenye kraki, Cubase yenye kraki, folda nzito iliyoandikwa "VST zote", na faili dogo la maelekezo linaloanza na agizo moja: zima antivairasi kwanza. Anayetaka kujifunza kutengeneza muziki hukabidhiwa flashi hiyo, na ndani ya nusu saa kompyuta yake inakuwa na ala mia mbili ambazo hajui hata moja inafanya kazi gani.

Maoni yangu ni kwamba flashi hiyo ni mwalimu mbaya. Inamzoesha anayeanza kuchukua kisicho chake, na inamfanya aamini kwamba muziki hutokana na kuwa na vitu vingi. Ubaya wa kwanza husemwa mara kwa mara, ingawa hausikilizwi. Ule wa pili hausemwi kabisa, na mimi nauogopa zaidi.

Nalileta jambo hili katika jarida letu kwa sababu linatuhusu kuliko tunavyodhani. Mseminari akifika kigangoni kwa likizo haulizwi kuhusu Parmenide. Anaulizwa kama anajua kompyuta. Mwalimu wa kwaya, mzee unayemwamkia shikamoo, aliyekufundisha nota ukiwa bado hujafikisha miaka kumi, anakuja na laputopu iliyonunuliwa kwa michango ya wanakwaya na kukwambia, "Frateri, tuwekee ile programu ya kurekodia." Kumkatalia ni vigumu. Tena, machoni pa wanakwaya, kitakachowekwa na Frateri kimekwisha kupata baraka. Hakuna atakayeuliza kimetoka wapi. Kwa hiyo swali la kuweka nini, na kwa njia gani, ni letu sisi tunaoombwa kabla ya kuwa lao wanaoomba.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Programu ya kutengeneza muziki ni studio iliyowekwa ndani ya kompyuta. Inarekodi sauti kupitia maiki, inapokea nota kutoka kwenye kinanda, inapanga vyote katika mistari inayokwenda sambamba, soprano mstari wake, besi mstari wake, kisha inakuwezesha kusawazisha na kutoa wimbo mmoja. Vikorombwezo vyake, ambavyo vijana wa studio huviita plagini, ni programu ndogo zinazoishi ndani ya ile kubwa: nyingine ni ala, kama piano au ngoma, nyingine hurekebisha sauti, kama vile kuipa mwangwi au kupunguza ukali wake.

Haya yote yana historia fupi. Lugha ambayo vinanda na kompyuta huzungumza, MIDI, ilianza kutumika mwaka 1983. Cubase ilitoka mwaka 1989, ikitumika kwenye kompyuta za Atari. Mwaka 1996 watengenezaji wake, kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, walileta utaratibu wa VST na kuwaachia watengenezaji wengine wautumie, hivyo yeyote mwenye ujuzi akaweza kuunda plagini ya kuchomekwa ndani ya programu ya mwingine. Hapo ndipo bahari ya plagini ilipofunguka. Mwaka uliofuata, Ubelgiji, ilizaliwa FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio, na ambayo vijana wengi wa studio za mitaani kwetu wameanzia hapo.

Sasa nirudi kwenye kraki.

Ninapolizungumza na wenzangu, jibu la kwanza karibu kila mara ni hili: kunakili si kuiba. Ukichukua mbuzi wa jirani, jirani hana mbuzi tena. Ukinakili programu, kampuni bado inayo, tena nzima. Pingamizi hili si la kipumbavu, na mwanafunzi wa falsafa asilipuuze. Katekisimu, namba 2408, inaeleza wizi kuwa ni kujitwalia mali ya mwingine kinyume cha matakwa yake yaliyo ya haki. Basi mtu ana haki ya kuuliza: hapa kimetwaliwa nini hasa?

Wengine huenda mbali zaidi na kusema kwamba umiliki wa kitu kama programu haumo katika sheria ya maumbile, umewekwa na serikali tu. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu hiyo. Ila wasome kidogo zaidi. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika sehemu ile ya Summa inayozungumzia wizi (II-II, swali la 66), anafundisha kwamba hata mgawanyo wa mali za kawaida, shamba langu na shamba lako, haukuwekwa na maumbile yenyewe. Umetokana na makubaliano ya wanadamu, ambayo akili imeyaongeza juu ya sheria ya maumbile. Na bado, swali hilohilo linaendelea kuhukumu wizi kuwa dhambi. Kwa hiyo anayesema "hii ni sheria ya wanadamu tu" hajaitetea kraki. Ameitetea pia mikono ya anayevuna shamba la jirani. Na sheria yenyewe tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, namba 7 ya mwaka 1999, inazilinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine.

Lakini kwangu hoja nzito zaidi haiko kwenye mali. Iko kwenye ukweli. Kraki inafanyaje kazi? Programu inauliza, "Wewe ni yule aliyenunua?" Kraki inajibu kwa niaba yako, "Ndiyo." Wakati mwingine inatengeneza namba ya bandia, wakati mwingine inaung'oa mdomo wa kuuliza kabisa. Kila ukifungua kompyuta kuandaa zaburi ya Dominika, jambo la kwanza linalotokea, kabla ya nota hata moja, ni uongo mdogo uliosemwa kwa jina lako. Unaweza kuniambia kwamba mashine haidanganyiki kwa kuwa haina akili. Sawa. Ila nyuma ya swali la mashine yupo mtu aliyeliweka swali hilo, na jibu lilikusudiwa kumfikia yeye.

Halafu kuna watunzi wetu. Kwaya za Kikatoliki nchini zinaimba nyimbo za watu kama John Mgandu, Joseph Makoye na Bernard Mukasa, na kila mwalimu wa kwaya mwenye simu anaifahamu tovuti ya Swahili Music Notes, ambako nota za nyimbo nyingi za Kiswahili hupatikana bila malipo. Hiyo ni zawadi, na zawadi ni kitu kizuri sana. Mwenye kazi ameamua kuitoa. Sasa kwaya hiyohiyo inayolalamika kwamba albamu yake imenakiliwa na kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu, kwa shilingi mia mia, inawezaje kulalamika ikiwa albamu yenyewe ilitengenezwa kwa programu iliyochakachuliwa? Yule kijana naye atasema: nimenakili tu, wimbo wenu bado mnao.

Jibu la pili ninalolisikia ni umaskini, na hili nalichukulia kwa uzito. Dola si zetu. Matoleo ya FL Studio yamekuwa yakianzia karibu dola 99, na lile la bei ya chini kabisa halikuruhusu hata kurekodi sauti ya mtu, kwa hiyo kwaya ingehitaji la juu yake. Hizo ni fedha nyingi kigangoni. Mtakatifu Thomas, katika swali lilelile la 66, anakubali kwamba mtu aliye katika hitaji kubwa na la wazi anaweza kuchukua cha mwingine na asihesabiwe kuwa mwizi. Anazungumzia mtu anayekufa njaa. Ngoma ya kompyuta haiko kwenye orodha hiyo. Na hata tukilegeza kamba na kusema uinjilishaji kwa nyimbo ni hitaji kubwa, sharti jingine linabaki: pasiwe na njia nyingine. Njia nyingine ipo. Hapo ndipo utetezi wa umaskini unapoishiwa nguvu, kwa sababu zipo programu halali ambazo hazidai hata senti, na nyingine zinazodai kidogo kuliko sare ya wanakwaya watano. (Kwaya inayoshona sare mpya kila Pasaka isiniambie habari za umaskini.)

Juu ya virusi nitasema kidogo tu. Maelekezo ya kuzima antivairasi hayakuandikwa kwa ajili ya usalama wako. Tangu mwaka 2018 hivi, jamii ya virusi iitwayo STOP au Djvu imeenea duniani kwa kujificha hasa ndani ya kraki na programu za kutengeneza namba bandia. Ikiingia, hufunga mafaili yote kwa ufunguo usiokuwa nao na kuacha ujumbe wa kudai fedha. Hebu wazia laputopu ya parokia yenye nyimbo za kwaya, orodha ya wabatizwa na taarifa za michango, vyote kwenye diski moja. Tumeona hali ya namna hiyo. Fundi hana la kufanya zaidi ya kufuta kila kitu.

Basi anayeanza aweke nini?

Kwa kwaya, mimi ningeanza na MuseScore, ingawa wapenda studio watanicheka. Ni ya kuandikia nota, ni bure, na chanzo chake kiko wazi. Unaandika sauti nne, inakupigia. Unaweza kuzinyamazisha tatu na kuacha alto peke yake, ukatoa faili la sauti na kulituma kwa WhatsApp kwa akina mama wa alto walio kigango cha mbali kisicho na kinanda wala mpiga kinanda. Wakija mazoezi Jumamosi, kazi ya saa mbili imekwisha kufanyika jikoni na shambani. Sijui kikorombwezo cha dola elfu moja kinachoweza kuisaidia kwaya ya kijijini kuliko hicho. Na mwenye kuandika nota analazimika kujua anachotaka kabla ya kukisikia, jambo ambalo programu za kupanga mapigo hazimlazimishi mtu.

Kwa kurekodi jambo jepesi, homilia au wimbo wa sauti moja, Audacity inatosha. Ilitoka mwaka 2000 kutoka mikononi mwa watu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, nayo ni bure hadi leo. LMMS ni bure pia na sura yake inafanana na FL Studio, hivyo kijana aliyezoea hiyo hatapotea. Tatizo lake ni kwamba toleo lake la kawaida halirekodi sauti kutoka kwenye maiki. Kwa mapigo inafaa, kwa kwaya haitoshi.

Studio kamili ya kwaya ningeijenga kwa Reaper. Faili lake la kusakinisha ni jepesi mno, megabaiti chache tu, wakati FL Studio inakaribia gigabaiti nzima. Anayenunua bando la siku anaelewa maana ya tofauti hiyo. Unaruhusiwa kuijaribu siku 60 ikiwa kamili, haijakatwa chochote. Baada ya hapo leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, yaani karibu laki moja na nusu ya shilingi, na wanaostahili bei hiyo ni pamoja na watu binafsi, taasisi za elimu na zile zisizo za kibiashara. Parokia imo. Seminari imo. Aliyeianzisha, Justin Frankel, ndiye aliyetengeneza Winamp, ile programu ya kusikilizia nyimbo ambayo kaka zetu waliitumia sana.

Kuna jambo la pekee katika Reaper ambalo sisi wa falsafa ya maadili tungepaswa kulijadili darasani. Siku 60 zikiisha, haijifungi. Inafunguka kama kawaida, inakukumbusha tu kwamba muda wa majaribio umekwisha na hujalipa, kisha inakuacha uendelee. Hakuna polisi. Anayeitumia mwaka mzima bila kulipa hahitaji kraki, anahitaji tu dhamiri iliyozoea kufunga kidirisha. Nimeona watu wanaokataa kraki kwa sauti kubwa wakifunga kidirisha hicho kila asubuhi bila shida yoyote, nami nashindwa kuona tofauti kubwa.

Kuhusu FL Studio kwa anayeipenda kweli: toleo lake la majaribio ni halali na linakuruhusu kujifunza karibu kila kitu, hata kuhifadhi kazi na kutoa wimbo. Kisichowezekana ni kuifungua tena kazi uliyohifadhi mpaka ununue. Wengi huona huo ni unyama. Mimi naona ni zoezi zuri kwa anayeanza: keti, tengeneza kitu kimoja, kimalize, kitoe, ondoka. Na aliyenunua mara moja hupata matoleo mapya maisha yake yote bila kulipa tena, utaratibu ambao kampuni nyingi za programu hazina.

Usakinishaji wenyewe una utaratibu, na haraka ndiyo inayowaponza wengi. Pakua kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, si kwenye tovuti zile zenye vitufe vitano vya "pakua hapa", ambavyo vinne ni mitego. Angalia kwanza kompyuta yako ni ya biti 32 au 64. Za siku hizi nyingi ni 64, lakini laputopu za misaada zilizotumika huko Ulaya kabla ya kuletwa kwetu wakati mwingine hushangaza. Weka programu kuu peke yake. Ifungue, ifunge, ifungue tena. Ikiwa unatumia Windows na huna kadi ya sauti ya nje, ongeza ASIO4ALL, ambayo ni bure, kwa sababu bila dereva ya aina hiyo utabonyeza kinanda sasa na kusikia sauti baadaye.

Ucheleweshaji huo huwakatisha tamaa wengi wakidhani kompyuta ni mbovu, kumbe ni hesabu tu. Kompyuta haitoi sauti kipande kimoja kimoja. Inajaza ndoo kwanza, kisha inaimwaga. Kwa kipimo cha kawaida cha vipande 44,100 kwa sekunde, ndoo ya vipande 1,024 huchukua milisekunde 23 kujaa. Sauti hewani husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama kumsikiliza mpiga kinanda aliye mita nane kutoka ulipo, na hiyo ni kabla ya kuhesabu ucheleweshaji mwingine wa njiani. Ukipunguza ndoo hadi vipande 128, unabaki na milisekunde 3 hivi, chini ya mkono mmoja ulionyooshwa mara mbili. Lakini ndoo ndogo huichosha kompyuta dhaifu, na sauti huanza kukwaruza. Basi wakati wa kurekodi ipunguze, wakati wa kusawazisha iongeze. Ukilijua hilo, umeokoa wiki nzima ya kulaumu laputopu.

Kinanda nacho usikimbilie kununua kingine. Vinanda vingi vya Yamaha vilivyo kwenye parokia zetu vina tundu nyuma lililoandikwa USB TO HOST. Waya unaoingia hapo ni uleule wa printa. Uombe ofisini kwa paroko, urudishe. Baadhi ya vinanda vya zamani vitahitaji dereva ya Yamaha yenyewe, nayo inapatikana bure kwenye tovuti yao.

Hapo anayeanza asimame. Asiongeze plagini hata moja mpaka amemaliza wimbo mmoja kwa vile alivyonavyo. Reaper inakuja na vyombo vyake vya kusawazisha, vya kubana sauti na vya mwangwi, na vinatosha kwa albamu nzima. Haina ala za maana, hilo ni kweli. Kwa hiyo kikorombwezo cha kwanza kiwe kisoma sauti kama sforzando, ambacho ni bure, pamoja na mkusanyiko mmoja wa sauti kama GeneralUser GS, wenye ukubwa wa megabaiti thelathini hivi na ala zote za kawaida: piano, kinanda, filimbi, nyuzi, ngoma. Plagini nyingine za mtindo wa VST3 hujiweka zenyewe kwenye folda maalumu ndani ya Common Files, na programu huzikuta huko. Za zamani hukuuliza ziwekwe wapi. Chagua folda moja na usiibadilishe milele. Nusu ya malalamiko ya "plagini haionekani" hutoka kwa mtu aliyezitawanya katika folda nne.

Kwa nini nasisitiza uchache? Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anasema mtu huwa mpiga kinubi kwa kukipiga. Hasemi kwa kuwa na vinubi. Anayeanza akiwa na piano thelathini hutumia jioni nzima kuchagua piano, na jioni hiyo anaamini kabisa kwamba amefanya muziki. Anayeanza na moja hugundua kabla ya saa moja kwamba tatizo ni mkono wake wa kushoto. Ugunduzi huo unauma, lakini ndio unaojenga. Sisi tunaoishi kwa kengele, tukiwa na labda saa moja ya burudani kati ya chakula na masomo ya usiku, hatuna jioni za kuchagua piano. Bweni zima limejaa watu wenye plagini zote na wasio na wimbo mmoja uliokamilika, nami sijasikia mtu akisema amekwama kwa kukosa ya mia mbili na moja.

Kikorombwezo kimoja nitakitetea kwa moyo wote, ingawa ni programu inayojitegemea: GrandOrgue. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, namba 120, unakipa heshima kubwa kinanda cha mabomba, na wakati huohuo unaziruhusu ala nyingine zinazofaa. Wengi wetu tutapadrishwa bila kukigusa kinanda cha mabomba hata siku moja. GrandOrgue ni bure, inatumia sauti zilizorekodiwa bomba kwa bomba kutoka vinanda halisi, na baadhi ya mikusanyo hiyo, kama ule wa kinanda cha Friesach, Austria, hutolewa bila malipo. Inataka kumbukumbu nyingi, kwa hiyo laputopu ya gigabaiti 4 itatumia mkusanyo mdogo tu. Lakini kijana wa seminari akiunganisha Yamaha ya kanisani kwa waya wa printa anaweza kujifunza namna kinanda hicho kinavyopumua, kwa nini nota zake hazififii kama za piano, na kwa nini mkono mzito haukisaidii.

Kuna matumizi ambayo ningeyakatalia hata kama programu imelipiwa hadi senti ya mwisho. Baadhi ya kwaya sasa hupiga muziki uliokwisha kutengenezwa, kutoka kwenye kompyuta, na kuimba juu yake wakati wa Misa. Mapigo hayasubiri. Padre akichelewa kufika altareni, wimbo umekwisha. Waamini wakiwa wazito kuitikia, kompyuta inawaacha nyuma. Hati ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 inasisitiza kuimba kwa kusanyiko lote, na kusanyiko ni kitu kinachopumua. Mpiga kinanda dhaifu anayewasikiliza watu wake ana faida kuliko mapigo safi yasiyosikiliza. Programu ibaki kwenye mazoezi na kwenye kurekodi.

Nina pendekezo kwa halmashauri za parokia na kwa walezi wetu. Kwaya inapopanga albamu, bajeti huwa na sare, usafiri wa kwenda kupiga video, chakula, mgeni rasmi wa uzinduzi. Sijawahi kuona mstari wa leseni ya programu. Uwekwe, tena juu ya mstari wa mgeni rasmi. Laki moja na nusu, mara moja, kwa kompyuta ya parokia, risiti ikae kwenye faili la kwaya pamoja na risiti za spika. Na seminari yenye chumba cha muziki ifanye vivyo hivyo, ili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifika akute mashine isiyohitaji flashi ya mtu.

Wale ambao kompyuta ya kwaya yao tayari ina kraki, msiifute kesho asubuhi, mtapoteza kazi za watu. Fungueni wimbo mmoja mmoja, mtoe kila sauti peke yake kama faili la WAV, zote zianzie sekunde ya sifuri ili zipangike upya bila kutafutana. Andikeni kasi ya wimbo na ufunguo wake kwenye jina la folda. Dakika tano za sauti moja, kwa kipimo cha biti 24, ni megabaiti 40 hivi. Wimbo wa mistari minane ni kama 320. Vihifadhini mahali pawili, kimojawapo kisiwe kwenye kompyuta hiyo, mkivipima virusi kabla ya kuvirudisha. Kisha Windows iwekwe upya, Reaper iwekwe juu yake, na wimbo wa kwanza kupangwa upya uwe ule mfupi kuliko yote.